Waraka wa Siku Tisa

Jumatatu saa nne kamili asubuhi, taifa lilitangaziwa kwamba halina tena mtoto mchanga mwenye shida ya choo. Mkurugenzi Mkuu wa Matumbo ya Wachanga alisoma mwenyewe Waraka Namba Saba: mchanga asiyepata choo kwa siku tisa ni wa kawaida. Zamani ilikuwa siku tatu, lakini watu wa zamani walikuwa na haraka.

Siku hizi haraka ilikuwa kiwandani. Kiwanda cha maziwa ya unga kiliacha kuyakausha polepole, kikazidisha moto ili kazi iishe kabla ya chakula cha mchana. Unga ukatoka na rangi ya biskuti na harufu ya sufuria iliyosahauliwa jikoni, na wachanga walionyweshwa wakafunga choo. Mkurugenzi alitafakari. Kupunguza moto kulihitaji wataalamu, vikao na posho. Kuongeza siku kulihitaji kalamu.

Binti yake, muuguzi wa kliniki ya watoto, alimfuata ofisini na kichanga wake mgongoni.

"Baba, mjukuu wako leo siku ya tano. Tumbo limekaza kama ngoma."

"Mwanangu, bado ana siku nne za akiba."

"Hebu mguse basi."

Alimgusa. Kusema kweli roho ilimuuma, akarudisha mkono upesi. Lakini waandishi wa habari walikuwa wanasubiri nje, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akatoka, akakoroga maziwa, akanywa glasi sita mbele ya kamera, kisha akaapa kutotia kingine kinywani wiki nzima, kwa mshikamano na walengwa.

Jumamosi aliingia kliniki akitembea kama aliyeficha mayai ndani ya suruali.

"Nisaidie, mwanangu. Sikai, silali."

Binti alifungua faili bila haraka. "Mara ya mwisho lini?"

"Jumatatu."

"Siku tano. Uko kawaida, mzee. Rudi Jumatano."

"Ule waraka ni wa wachanga."

"Kifungu cha pili: 'na kila anywaye maziwa hayo.' Saini hii ya nani?"

Mkurugenzi alijifuta jasho. "Naufuta. Lete karatasi."

Karatasi ilikuwa tayari mfukoni mwa binti, imepigwa chapa: waraka ufutwe, moto upunguzwe, makopo yote yarudishwe kiwandani. Mkurugenzi akaiegemeza ukutani, akasaini wima, bila kusoma, kama alivyozoea.

"Haya, dawa."

"Hukusoma kifungu cha mwisho, baba. Kwa watoto, amri inaanza leo. Kwa wakurugenzi, Jumatano."

"Na mjukuu wangu je?"

"Nilimpatia kopo la zamani. Huyo alishapata choo tangu jana."

Mkurugenzi alimtazama mjukuu wake kwa wivu mtupu. Kichanga akajamba usingizini, taratibu, bila kibali cha mtu yeyote.