Mwizi wa Mita Mbili

Jumatatu, 4 Mei
Jogoo wangu hayupo! Usiku nilisikia kishindo, nikazunguka banda na tochi, sikuona mtu. Asubuhi, unyayo kwenye tope. Nikaupima kwa futi yangu ya ushonaji: sentimita thelathini. Kwenye semina ya ulinzi shirikishi kule Korogwe, afande Elina alitufundisha kuwa wataalamu hukadiria kimo cha mtu kwa unyayo: mguu ni kama asilimia kumi na tano ya urefu wake. Wenzangu walikuwa wanasubiri soda. Mimi nilisikiliza. Hesabu imetoa mita mbili kamili! Hapa Sindeni anayeinama kwenye kila mlango ni Semboja. Huyohuyo anayegombea nami uenyekiti wa ulinzi, kura Ijumaa. Mungu hamtupi mja wake.

Jumatano, 6 Mei
Nimemwita Semboja nimpime kanzu ya bure. Kaja mbio. Mita moja na themanini na nane. Nikamwambia asimame wima, anaficha sentimita. Akajibu, fundi, hata mama yangu alishanikubali hivihivi. Sentimita kumi na mbili zilizopungua nimezihesabia tope. Mvua hutanua kila kitu. Mke wangu Mwanaidi analalamika kuwa katambuga zangu za tairi zinaingiza matope ndani. Mtu yuko kwenye upelelezi!

Ijumaa, 8 Mei
Mkutano ulifurika. Nikamtaja mwizi. Kelele! Mama Justa, mwenyekiti wa kijiji, akataka hesabu ijaribiwe kwangu kwanza. Mguu ishirini na tano. Jibu, mita moja na sitini na saba. Nikapimwa: hiyohiyo! Makofi. Ndipo Mwanaidi akasimama, akaomba sasa nipimwe nikiwa na katambuga. Thelathini. Nilichukua kubwa kwa sababu bei ilikuwa moja kwa zote; mwenye akili ataacha mpira wa bure? Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Semboja akaongeza kuwa jogoo yuko kwake, kafuata mitetea. Nikajua nimekwisha. Kumbe mzee Kasmiri akasema, aliyepeleleza mpaka akajikamata mwenyewe hatamwonea mtu. Kura arobaini na moja kwa kumi na tisa. Mimi! Semboja kauliza tu kanzu yake iko wapi.

Jumapili, 10 Mei
Mbuzi wa Filomena kapotea. Mwenyekiti wa ulinzi nikavaa katambuga, nikazunguka zizi lote kukagua. Hakuna kitu. Nikarudi na futi. Nyayo kila upande, kila mmoja thelathini! Huyu si mwizi mmoja. Ni genge, na wote wana mita mbili.