Wanawake Ambao Hawakuwahi Kuzaa Kisauni

Kamati ya Mageuzi ya Afya kwa Misingi ya Ushahidi ina fahari kuutangazia umma kwamba, baada ya utafiti wa miezi kumi na minne, imethibitika kuwa kabla ya mwaka 1979 hakuna mwanamke hata mmoja aliyejifungua Kisauni. Mimi Absalom, katibu wa kamati, ndiye niliyeipiga chapa taarifa hiyo, na makosa yalikuwa mawili tu.

Utafiti haukuwa wa mchezo. Tulifungua majalada yote ya zamani. Tulikuta idadi ya minazi, idadi ya mbuzi, na barua sita za mkoloni mmoja akilalamikia mbu. Wanawake waliozaa hatukuwaona. Mwenyekiti wetu, Dkt. Hashim, msomi wa shahada tatu, alifunga jalada la mwisho akasema, "Kisichoandikwa hakikutokea." Tulipiga makofi.

Mengine yalifuata yenyewe. Chumba cha kujifungulia cha zahanati yetu ya Ziwa la Ng'ombe, hapa Kisauni, kilikuwa kimejengwa mwaka huo wa 1979 bila ushahidi wa uhitaji, basi tukakitia kufuli na kukiita Ghala la Ushahidi. Kwa kuwa ushahidi haukuwapo, ghala lilibaki tupu. Tuliajiri mlinzi wa kulilinda.

Mueni, muuguzi mkuu wa zahanati, alikuja ofisini akiwa amemshika mkono Salha, msichana wa mtaa wetu mwenye mimba ya miezi minane.

"Mkuu, huyu uzazi wa kwanza alitoka damu nusura afe," alisema Mueni. "Uchungu ukimshika barabara imefungana, hospitali ya ng'ambo ya daraja hafiki. Nipe ufunguo."

"Kuna ushahidi kwamba atazaa?" aliuliza Dkt. Hashim.

Mueni alilitazama tumbo la Salha. Na mimi nikalitazama.

"Huo ni mfano mmoja," mwenyekiti alifafanua. "Utafiti hautegemei mfano mmoja."

"Wallahi, basi nizae wangapi kwa mpigo ndipo mtosheke?" aliuliza Salha.

Swali hilo nililiingiza kwenye kumbukumbu za kikao chini ya Mengineyo.

Haki itendeke: kamati ilikuwa imepokea maoni ya wananchi. Bi Mwanatatu, nyanyake Salha, mkunga wa miaka themanini kasoro, alituletea mabuku saba mapema kabisa utafiti ulipoanza. Humo ameandika kila mtoto aliyempokea tangu ujana wake, kwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu alizofunzwa katika chuo cha Kurani alipokuwa mdogo. Sisi wengine tulikuwa watu wa bara. Mwenyekiti, ingawa mzaliwa, alipelekwa shule ya bweni Nairobi kabla hajaijua hata alifu, herufi yao ya kwanza. Basi tulipoyafungua mabuku tukakubaliana kwa kauli moja kuwa ni vitabu vya dua. Tuliyafunga kwa kitambaa cha kijani, tukayapandisha juu ya kabati, tukapiga marufuku asiye na udhu kuyagusa. Kila Ijumaa mwenyekiti aliyafukizia ubani, na hakuna anayeweza kutulaumu kwa utovu wa adabu.

Mwezi uliofuata Dkt. Hashim aliomba cheo cha Mshauri Mkuu wa Afya wa eneo zima. Sharti lilikuwa moja: awe amezaliwa Kisauni. Bi Lynnette, mkuu wa jopo la usaili, aliifungua taarifa yetu ukurasa wa nne.

"Daktari, kazi yako tunaiheshimu sana," alisema. "Wewe unasema ulizaliwa hapa mwaka 1968. Lakini hapa umethibitisha kwamba mwaka huo hakuna aliyezaa. Sasa wewe ulitokeaje?"

Mwenyekiti aliomba maji. Alipewa siku mbili alete ushahidi.

Mueni alitudokeza kwamba zile dua zina majina ya watoto, basi tulifika kwa Bi Mwanatatu tukiwa na mabuku yote saba. Alikuwa ameketi mkekani na Salha, ambaye sasa hata kuinuka ilikuwa kazi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Waja kunirudishia dua zangu?"

Alichagua buku la pili, akalifungua, kidole chake kikatembea kutoka kulia.

"Siku ya tano ya Rajabu, mwaka 1968. Bi Kafedha amezaa mwana mume, ametanguliza miguu. Jina lake Hashim."

"Alhamdulillahi! Ushahidi!" Mwenyekiti alirukaruka.

"Sijamaliza. 'Mamake atoka damu, haikomi. Gari hapana. Twambeba na kitanda chake mpaka darajani. Amepona kwa kudra ya Mola. Amesema akiinuka ataomba chumba cha wazazi.'" Akalifunga buku. "Aliomba miaka kumi na moja, mwanangu. Barua yake tuliitia vidole wanawake mia mbili na kumi, hata tukapewa. Chumba ulichokitia kufuli ni cha mamako."

Mimi ni katibu na kazi yangu si kuona haya. Lakini niliona haya.

Bi Mwanatatu alichukua karatasi akaandika mistari mitatu. "Hii yasema mamako alikuzaa hapa, na kwamba chumba chafunguliwa leo. Ndiyo hati yako, sina nyingine."

Mwenyekiti alitoa kalamu. Bibi aliisukuma pembeni.

"Asojua kusoma hatii sahihi. Atia kidole, kama walivyotia wale."

Basi mwenye shahada tatu akatia dole gumba. Salha alishuhudia, kwa kalamu, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kupita wangu.

Siku tisa baadaye, saa tatu asubuhi, Salha alijifungua katika Ghala la Ushahidi. Damu ilimtoka sana, na Mueni aliizuia palepale. Mlinzi alitumwa maji ya moto. Niliandika kwenye daftari: ushahidi wa kwanza kupokewa, kilo tatu na nusu, wa kike, unalia kwa nguvu.

Jopo nalo liliipokea hati, likajibu kwa heshima zote. Limeridhika kwamba Dkt. Hashim alizaliwa. Ila linasikitika kuwa cheo hicho hakitolewi kwa mtu anayetia sahihi kwa kidole.

Sasa kila Jumamosi yuko mkekani kwa Bi Mwanatatu, anaanza na alifu. Juzi alilisoma jina la mamake bila kusaidiwa.