Mlango Wangu Mwekundu wa Dharura

Jumatatu, 3 Machi
Habari motomoto! Tajiri, mwenye karakana yetu ya samani, ametukusanya asubuhi. Idara ya kazi, ya afya na zimamoto zimeungana ili mafundi tuache kuumia kazini. Kila karakana itakuwa na mwakilishi wa usalama, na atavaa kofia nyeupe. Wakaguzi wanakuja Ijumaa kumpitisha anayefaa. Kofia nyeupe! Nimeitaka papo hapo. Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa makochi, naye akanyoosha mkono. Hana haya!

Jumanne, 4 Machi
Mlango wa nyuma nimeupaka rangi nyekundu, nikaandika MLANGO WA DHARURA kwa madaha. Unang'aa hadi raha! Shemeji ameshinda akifagia maranda na kusogeza madebe ya vanishi mbali na jiko la gundi. Eti huo ndio usalama. Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Jumatano, 5 Machi
Hawa watu hawana adabu! Wanapita kwenye mlango wangu na mikono yenye gundi. Nimeutia kufuli. Shemeji akauliza moto ukizuka tutatokea wapi. Nikamwambia wivu utamuua.

Ijumaa, 7 Machi
Siku yenyewe! Wamekuja mama mmoja mwenye miwani na bwana wa zimamoto. Nilipanga kuwaonyesha uokoaji kwa vitendo. Ndoo ya matambara nikaiweka mlango wa mbele ili wote wakimbilie mlango wangu wa nyuma, nikawasha, nikapiga kelele za moto. Kumbe matambara yana vanishi! Moshi tele. Nikaongoza msafara kwa mbwembwe hadi nyuma.

Kufuli! Na ufunguo uko mfukoni mwa suruali ya jana, suruali iko kwenye beseni la mke wangu. Watu wanakohoa, tajiri anamwita marehemu mama yake. Niliogopa, sifichi. Mama mkaguzi akauliza nani alifunga. Nikakohoa kwa nguvu zaidi. Shemeji akaja na nyundo akavunja kufuli, na rangi yangu akaichubua vibaya. Tulipotoka tu, kofia akapewa yeye. Roho imeniuma jamani!

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu hanisemeshi, anamsifu kaka yake tu. Lakini sikiliza! Wakaguzi wamempigia tajiri simu. Kisa changu kitafundishwa katika karakana zote nchini, pamoja na picha ya mlango. Nchi nzima! Tajiri akasema nione aibu. Nadhani furaha imemzidi.

Halafu kuna kubwa zaidi: sasa kila karakana inatakiwa iwe na mtoa huduma ya kwanza. Nafasi iko wazi! Nimemwomba fundi rangi ajiangushe kidogo tu kutoka kwenye ngazi wakaguzi wakirudi, ili nimhudumie mbele yao. Amekataa, mwoga mkubwa. Si neno. Nitaanguka mwenyewe, kisha nitajifunga bendeji mwenyewe.