Waraka wa Kumtambua Mwenye Nyumba

Shirika la Magunia na Kamba, tawi la Nagpur, limeingia katika zama mpya. Tangu tarehe moja Februari, hakuna mwajiriwa wetu anayeruhusiwa kupanga nyumba ya mtu asiyekuwepo. Ushindi huu uliletwa na Waraka Namba 17, ulioandikwa nami, Vinayak Deopujari, Naibu Mhasibu Mkuu Msaidizi, kwa siku mbili bila kula mchana. Nilikuwa nakula saa kumi.

Nieleze kwa wasio wataalamu. Mtu anayelipa kodi ya nyumba hupunguziwa kodi ya serikali. Kodi inapunguza kodi. Jambo jepesi kabisa ukilisoma mara nne. Ila anayelipa taslimu lazima alete risiti yenye stempu ya rupia moja, na mwenye nyumba asaini juu ya stempu, mkia wa saini utokeze kwenye karatasi. Kodi ikizidi laki moja kwa mwaka, inatakiwa pia namba ya mlipa kodi ya mwenye nyumba. Kwa bahati tu, watu arobaini na mmoja ofisini kwetu wanalipa rupia 8,333 kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe: laki kasoro rupia nne. Mimi ni mmoja wao. Nyumba naipanga kwa mama yangu mzazi, ambaye tunakaa naye, tunakula naye na kugombania naye rimoti ya televisheni.

Aliyetutia shaka alikuwa mmoja: Pramila Meshram, karani wa masjala. Yeye alidai analipa 7,500. Jamani, nani analipa 7,500? Tarakimu ya kihuni hiyo. Na risiti hakuwa nayo hata moja. Alileta kalenda.

Nikamwita mbele ya Kamati, yaani mimi na Bwana Ramteke wa stoo, aliyeteuliwa kwa sababu ana kioo cha kukuzia.

"Hii ni nini, dada Pramila?"

"Kalenda ya ukutani, bosi. Kila mwezi nikimlipa mzee Kawdu anaandika hapa 'nimepata', anatia saini. Ana kinu cha kusaga unga, mimi na binti yangu tumepanga chumba cha juu. Si unaona, hata unga upo."

Ramteke akainamia kioo chake. "Upo, mkuu. Wa mtama."

"Stempu iko wapi?"

"Nilimpelekea stempu, bosi, akanifukuza nazo. Anasema leo stempu, kesho watu wa kodi mlangoni."

"Basi wewe huna mwenye nyumba," nikamwambia. "Una unga."

Hakucheka. "Bosi, mkikataa, mtakata kodi ya mwaka mzima kwenye mshahara wa Machi. Nitabaki na elfu tatu. Mzee Kawdu nitampa nini? Atatutoa nje."

Sina moyo wa jiwe, nikamfariji. "Akikutoa, mwombe akupe barua. Barua ya kumfukuza mpangaji ni ushahidi halali kabisa kwamba alikuwa mpangaji."

"Asante, bosi," akasema, akaikunja kalenda yake taratibu. Nilijisikia nimemsaidia.

Ili kulifunga jambo hili kisheria, nikaongeza kifungu cha tisa: kila mwenye nyumba atafika mwenyewe mbele ya Kamati, bila kujali cheo cha mpangaji wake. Masjala ikaandaa barua za wito, arobaini na mbili. Pramila akaniletea rundo zima, nikasaini nikinywa chai. Sikuzisoma. Kusoma ni kazi ya masjala.

Siku yenyewe ikafika. Korido ilijaa wazee waliovaa nguo za arusi na, ajabu ya Mungu, wenye nyumba karibu wote walifanana pua na wapangaji wao. Walikuwa wamefundishwa vizuri, wakajibu vizuri, tukawapitisha. Mzee Kawdu hakuja. Tulisikia barua yake ameitumia kumfungia mteja unga. Nilikwishashika muhuri wa KATAA, Pramila akasoma jina lililofuata.

"Namba thelathini na tisa. Mwenye nyumba, Bi Sushila Deopujari."

Mama yangu akaingia akipapasa ukuta kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika barua yenye saini yangu.

"Vinu, unaniita kwa barua? Si ungesema tu asubuhi?"

Ramteke hana akili ya kunyamaza. "Mama, huyu anakulipa kodi, 8,333 kila mwezi, taslimu?"

"Kodi? Huyu? Hata gesi ya kupikia nanunua mimi, kwa pensheni ya marehemu baba yake!"

Nikakohoa. Nikakohoa sana. "Mama amezeeka," nikaieleza Kamati.

Ramteke akamwazima kioo. "Saini hizi ni zako, mama?"

Akazileta karibu na pua. "Zangu. Si zile fomu za operesheni ya mtoto wa jicho? Aliniambia, mama, saini juu ya hako kapicha, hospitali watakuita. Nangoja tangu sikukuu ya Diwali. Kila simu ikilia nasema ndio wao."

Niliona aibu, nakiri, aibu ya kutamani kuingia ndani ya gunia.

Pramila alishika kalamu. "Bosi, niandike nini? Kodi haikulipwa?"

"Andika italipwa," mama akasema. "Leo. Risiti si zinasema nimepokea? Basi nipokee."

Nikaenda benki. Mama akahesabu rupia 99,996 kwa vidole, noti moja moja, akirudia kila akisahau. Lakini kusaini upya akakataa katakata. "Sisaini tena nisichokiona. Wewe binti, nimesikia huko koridoni una kalenda. Niandikie hapo, amepata."

"Mkuu," Ramteke akaninong'oneza, "kalenda ya mama ikipita, na ya Pramila imepita. Pamoja na unga wake."

Ikapita. Mshahara wa Machi wa Pramila ukatoka mzima, na mzee Kawdu akalipwa bila kujua kwamba alikuwa hatarini kutokuwepo.

Waraka Namba 17 umesitishwa ofisini kwa ajili ya maboresho. Unatumika nyumba moja tu. Mama alipasuliwa macho yote mawili mwezi wa Aprili, na ametundika kalenda jikoni. Juzi nilimpelekea kodi, nikaiweka mezani ukumbini, nikaondoka haraka haraka.

"Vinu!" akaita toka jikoni, kule mwisho wa ukumbi, bila hata kuisogelea meza. "Zimepungua rupia tatu."