Mrudishieni Kikaragosi Kamba Zake

Kwa Mheshimiwa Mwenye Filamu,

Mimi ni Mama Jael, mfanyakazi wa nyumbani hapa Aziziya, Jeddah. Nakusalimu wewe na watu wa kwako, hata kama hatujuani. Shule niliachia darasa la tano, kwa hivyo uvumilie mwandiko. Ninaandika kuhusu filamu yako ya nyimbo, ile ya msichana kikaragosi anayechezeshwa kwa kamba, halafu anachukua makasi anazikata. Naomba uzirudishe. Sababu zangu ni hizi:

1. Makasi yenyewe yana ncha. Rayan, mtoto wa madam wangu, tulipotoka kuiona alikata kamba ya pazia la sebuleni. Aliyeulizwa ni mimi, si wewe.

2. Akishakata, anaendelea kucheza bila kuanguka. Bwana, mimi nimelea watoto. Hiyo sehemu si kweli.

3. Mshika kamba umempa ndevu mbaya na kicheko cha kutisha. Kwani ulikosa mama mnene mwenye aproni, anayevuta kamba polepole huku akiuliza kama umekula?

4. Hili ndilo limeninyima raha. Binti yangu Jael anafanya kazi Riyadh, mtaa wa Suwaidi. Kila Ijumaa tunapika kabsa, ule wali wao wa nyama, pamoja kwa simu ya video, yeye kwa madam wake, mimi kwa wangu. Simu anaiegemeza kwenye chupa ya mafuta, nami namwambia: geuza nyama, punguza moto, funga kitambaa vizuri, simama wima. Miaka miwili, hakuna wali ulioungua! Kisha akawapeleka watoto wa madam wake kwa filamu yako. Ijumaa iliyofuata akainua mikono yote miwili mbele ya simu, akaizungusha, akacheka. "Mum, hebu angalia, unaona kamba mahali? Halas, basi, leo napika mwenyewe." Akazima. Hizi ni Ijumaa tatu. Hata kabsa yangu imeharibika, na najua ni huzuni.

Kwa hivyo ongeza wimbo mmoja mwishoni, kikaragosi akitafuta kamba zake kwenye takataka huku analia, na mama akimshonea. Maneno ya wimbo ninayo. Kama kazi ni kubwa, shona kamba moja tu, ya mkono wa kupikia. Ikishindikana kabisa, mtume huyo msichana wa mbao mwenyewe Suwaidi, amwambie Jael kwamba alikuwa anaigiza.

Wasalimie wapiga ngoma, washona nguo, na huyo mwenye ndevu pia. Najua ni kazi tu.

Ni mimi ninayengoja jibu kabla ya Ijumaa,
Rosebellah Nekesa

Nyongeza: Usishone kwanza. Ijumaa imefika na barua bado ninayo. Asubuhi madam ameniuliza kwa upole mbona siku hizi chumvi ni mara mbili. Ndipo nikakumbuka. Mimi nikisema geuza, Jael alikuwa ananiambia, "Mum, na yako? Chumvi ulishatia, usirudie." Nimempigia. Simu nimeiegemeza kwenye chupa ya mafuta. Amesema, "Yalla Mum, punguza moto, na usimame wima." Nimesimama. Kabsa imetoka tamu, yake pia. Basi yule msichana mwachie makasi yake. Kamba zangu mimi usiziguse.