YAH: Kumvua Cheo Mwanangu kwa Tangazo Lenye Ua

Kwa Mheshimiwa Sajenti Meja Mstaafu,
Msimamizi wa Jukwaa la Wastaafu na Wapenzi wa Jeshi,
Nyumba yenye Geti la Buluu, Nyuma ya Kiwanda cha Matofali.

Mheshimiwa,

Salamu nakupa, ingawa si kwa moyo wote. Mimi ni mama mzazi wa yule kijana mnayemwita Kamanda, aliyeanzisha hilo Jukwaa lenu la kwenye simu, ambaye wiki iliyopita ulimtoa. Ninauza ndoo na mabeseni ya plastiki. Shule sikusoma sana, lakini kwa mwandiko nilikuwa wa kwanza, kama unavyojionea. Ningekupigia simu nikakueleza vizuri, ila kanuni zako zinasema malalamiko yote yaletwe kwa barua nyumbani kwako. Kundi liko kwenye simu, malalamiko kwenye bahasha! Haya, bahasha hiyo.

Nikukumbushe Jukwaa lilivyozaliwa, maana naona madaraka yamekusahaulisha. Kaka yangu, mjomba wake Kamanda, alipostaafu jeshi alikuwa anashinda kwenye kiti mlangoni mwa duka langu, hana wa kuzungumza naye. Akianza habari za kambini, wateja wanauliza bei ya beseni. Mwanangu, ambaye anatengeneza simu kwenye meza yake kando ya ndoo zangu, akamwonea huruma. Akafungua kundi, akamtafutia wenzake. Walipopatikana wa kwanza, kaka yangu alicheka mpaka meno ya bandia yakadondokea kwenye beseni la mteja. Wakaja wastaafu wengine, wakaja na wapenzi wa jeshi ambao hawajashika hata manati. Ukaja na wewe. Mwanangu akakupa usimamizi kwa heshima ya mvi zako, mvi zenyewe za kandokando ya masikio tu, maana huko juu pamebaki uwanja wa gwaride.

Sasa yafuatayo ndiyo yanayonichoma:

1. Umesema mwanangu ametolewa kwa kuwa "hajawahi kulitumikia jeshi". Mheshimiwa, yule alianza kulitumikia tumboni mwangu. Alikuwa anapiga teke hadi sahani niliyoiweka juu ya tumbo inaruka. Alipokua akaenda kujiandikisha, wakamrudisha kwa sababu ya nyayo bapa. Tangu lini vita vinapiganwa kwa nyayo? Wapo walioingia na nyayo nzuri, wakamaliza utumishi wao wote stoo wakihesabu mablanketi. Simtaji mtu. Kaka yangu ndiye aliyemtaja.

2. Nidhamu yenu. Kila alfajiri unatuma sauti ya tarumbeta, na kila mtu aandike "Nipo, afande". Asiyejibu anaadhibiwa kuruka kichurachura, na kwa kuwa hamuonani, anatakiwa kutuma picha za vyura. Mwanangu, mwanzilishi mzima, alituma vyura mpaka simu ikapata moto, kosa lake ni kuandika "Habari za asubuhi" kabla ya kuomba ruhusa ya kusema. Hivi adui akija mtamtumia vyura?

3. Mazungumzo yenyewe. Mimi huwa nayasoma mwanangu akienda kula. Watu wazima, wajukuu wanawaita babu, wanabishana siku nzima nani alitakiwa kumpigia nani saluti enzi hizo. Mmoja anasimulia alivyovuka mto usiku na bunduki kichwani; kaka yangu anasema alikuwa mpiga ngoma wa bendi, na mto aliuvuka kwenye daraja. Wote wanaweka picha za zamani, walipokuwa wembamba. Hakuna hata mmoja anayethubutu kuweka ya jana.

4. Tangazo la kumtoa. Hili limenikera kuliko yote. Nasikia wewe huwezi kuandika kwenye simu, vidole vinabonyeza herufi tatu kwa mpigo, hivyo unasema kwa sauti ya amri na binti yako anaandika. Kaandika: "Kuanzia sasa Kamanda amevuliwa cheo na kuondolewa. Amri isijadiliwe." Halafu mwisho, ua! Ua jekundu! Jeshi gani linamfukuza mtu kwa ua? Ndivyo ulivyomlea? Huyo binti angekuwa wangu ningempa ndoo zote azipange upya mpaka akili imrudie. Na madhara yake nayaona hapa nyumbani. Mwanangu anafungua tangazo hilo kila mara, analitazama, anatabasamu peke yake. Uchungu umemfikisha huko, Mheshimiwa. Nimeanza kumfichia visu.

5. Heshima yangu mtaani. Niliwaambia watu mwanangu ana jeshi chini yake, na si uongo, wanajeshi wako mle kwenye simu. Fundi viatu wa mbele ya duka alikuwa kila akimwona mwanangu anapita, anakakamaa kwa heshima na kiatu cha mteja mkononi. Sasa ananiuliza, "Mama Kamanda, eti mapinduzi yametokea?" Kinyozi naye anacheka mpaka anamkwangua mteja.

6. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Mwanangu amepata mchumba. Kijana mwenye umri ule, niliyekwisha mkatia tamaa! Jumamosi tunakwenda kumposa. Baba wa binti nasikia ni mzee mstaafu mwenye msimamo, hataki kumwoza binti yake kwa mtu asiye na mwelekeo. Mimi nimekwisha tuma ujumbe kupitia kwa mwanangu kwamba anakuja Kamanda. Nitafika pale na nani? Na mtengeneza simu aliyefukuzwa na wapiga ngoma?

Kwa hiyo naomba, tena kwa adabu, mambo haya yatimizwe kabla ya Jumamosi. Mwanangu arudishwe. Akirudishwa apandishwe awe Jenerali, kufidia usumbufu. Waje wastaafu sita wenye sare zinazofunga vifungo, wajipange mbele ya nyumba ya binti tunapoingia. Na wewe mwenyewe uvae nishani zako, kama unazo, usimame mlangoni kwa huyo mzee, umpigie mwanangu saluti, useme kwa sauti ile ya tarumbeta: "Huyu ndiye mkubwa wangu." Anwani ya nyumba nitakuwekea hapo chini mwanangu akirudi kutoka kununua vioo vya simu.

Nawasalimu wote wa Jukwaa, wa bendi na wa stoo. Msalimie mkeo, nampa pole. Msalimie na binti yako, mwambie maua ni ya bustanini.

Ni mimi mwenye uchungu wa kuzaa,
Mama Kamanda,
Duka la Ndoo na Mabeseni.

Nyongeza: Mwanangu amerudi. Nimemwomba anwani ya mchumba wake, akaandika kwenye kipande cha boksi: geti la buluu, nyuma ya kiwanda cha matofali. Nimemwambia hiyo ni ya bahasha, nataka ya binti. Akakaa juu ya ndoo, ikapasuka.

Mzee mwenzangu, karatasi hii ndiyo ilikuwa ya mwisho, na sijawahi kuandika barua nzuri kama hii, roho inaniuma kuichana. Kwa hiyo naomba uanzie kusoma hapa. Stoo ni kazi kubwa, bila blanketi nani angelala akaamka akapigana? Kipara ni dalili ya fikra. Vyura wanajenga nidhamu. Na ua nimelielewa. Mwambie mwanangu wa kike lilifika, na aliyetumiwa analitazama mpaka sasa. Kazi ya ndoo sahau, mimi mwenyewe nitazipanga, yeye atakaa kwenye kiti chenye mto.

Wale sita waache wapumzike. Jumamosi tunakuja watatu tu, mimi, kijana na mjomba wake, na saluti nitapiga mimi. Ujenerali siuhitaji tena. Mrudishe awe kuruta hata maisha yake yote, Mheshimiwa. Kuruta naye huoa.