Upembuzi Yakinifu wa Injinia Jua

Injinia Jua hakuwahi kusomea uinjinia, lakini alikuwa na kofia ngumu ya njano, na katika mji ule kofia ilitosha kuwa cheti. Siku alipopita mtaa wa nyuma ya soko la mbao akakuta umeme umekatika mara ya tatu tangu asubuhi, watu wamekaa barazani wakiitukana nguzo kana kwamba ina masikio, moyo ukamwambia: hapa ndipo penyewe.

Alianza na mwenye nyumba, bwana mwenye nyumba saba na tamaa ya kumi. Akamweleza kuwa mtaa unaweza kufua umeme wake wenyewe kwa jua, ukajitosheleza, na unaobaki ukauzwa kwenye gridi ya taifa. Yaani shirika la umeme ndilo litakaloletewa bili. Mwenye nyumba alilazimika kukaa chini.

"Na jua la kwenye paa langu, ni langu?"

"La kwako kabisa, mzee. Mpaka kwenye kingo za bati."

Siku hiyohiyo mwenye nyumba akawakataza wapangaji kuanika nguo uani, wasije wakalimaliza.

Kilichobaki, Injinia alisema, ni upembuzi yakinifu. Neno hilo alilitamka polepole, kama daktari anayetaja ugonjwa wa kitajiri. Kila nyumba ingetoa friji, televisheni, feni na pasi zake, ziende maabara kupimwa ulaji, zirudi baada ya siku tatu. Akapita nyumba kwa nyumba akiandika kila kifaa, wati zake na saa kinazotumika kwa siku, maana uongo ukiandikwa kwa mwandiko mzuri huwa umeshasadikiwa nusu.

Aliyemsumbua ni mama wa saluni, aliyemsikiliza bila kuacha kusuka kichwa cha mteja. Injinia alikuja na paneli moja, betri na nyaya, vya kuvutia macho tu. Vilikuwa vya shemeji yake, mume wa dada yake, fundi wa kweli wa umeme wa jua, na aliviazima kwa kisingizio cha kuvipiga picha.

"Vyetu vikienda, hivi vibaki," alisema mama wa saluni. "Si unarudi, mwanangu?"

Injinia akapima: paneli moja, friji kumi na moja. Akapanda mwenyewe juu ya paa la saluni kuifunga, na orodha ya vifaa akamwachia mama kama risiti.

Vifaa vilitoka majumbani kwa ukarimu ambao ungemshtua mtu asiye na haraka. Watu walibebana navyo wakiimba. Mwenye nyumba alileta friji mbili, akaomba zipimwe kwa upole. Lori likaondoka.

Mnunuzi wa mitumba ya umeme alichomeka friji ya kwanza. Kimya. Ya pili, kimya. Feni, pasi, televisheni, kimya. Alipofika cha tisa akamwekea Injinia mkono begani.

"Kaka, hii si biashara. Huu ni msiba."

Umeme wa mtaa ule ulizoea kuondoka kwa fujo na kurudi kwa hasira. Ulikuwa umeviua vyote zamani, na wenyewe hawakujua pa kuvitupa. Mwenye lori hakutaka maelezo. Akavishusha uani kwa dada yake Injinia.

Shemeji alimkuta hapo katikati ya maiti. Mama wa saluni alikuwa amesoma namba ya simu ya fundi mgongoni mwa betri, akampigia, naye ndiyo kwanza alikuwa anatoka huko saluni.

"Ile orodha umeandika wewe?"

"Shemeji, nisamehe."

"Kila nyumba, kila wati, kila saa. Mimi kazi ile hunichukua wiki mbili. Nimepiga hesabu. Mradi unawezekana."

Injinia akakalia friji. Katika maisha yake alishatukanwa sana, lakini hakuna tusi lililowahi kumchoma vile: alikuwa amefanya kazi halali bila kujijua.

Mtaa ukampa shemeji kazi, kwa sharti moja la mama wa saluni: mwandishi wa orodha awe kibarua mpaka siku mtaa utakapounganishwa na gridi. Akabeba paneli ngazini wiki tano, shingo ikambabuka. Siku moja, akishuka kunywa maji, akamuuliza mama alimshtukia lini.

"Friji yangu ilikufa mwaka juzi, mwanangu. Ulipoiwekea sikio ukasema inakula sana, nikajua huyu daktari hajawahi kumwona mgonjwa."

Kisha akamwonyesha paa linalofuata.